Siku moja maishani mwangu: kuchora nyaya juu ya Kilimanjaro

Saa 12:30 asubuhi. Hapa Moshi jua likipanda kidogo tu mawingu yanaufunika mlima, kwa hiyo nauchora mapema, nimesimama barazani na penseli. Nauhitaji wote, vilele vyake vya Kibo na Mawenzi. Ukichora kilele kimoja chenye ncha, umechora mlima wowote wa duniani. Weka Kibo kilicho bapa na Mawenzi iliyochongoka pembeni, hata mtoto wa darasa la pili anajua ni wapi.

Saa 2:00. Chai, kisha meza. Mada ya kibonzo changu cha leo ni magari ya nyaya, yale yanayoning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani (cable car). Tangu mwaka 2019, aliyekuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, Constantine Kanyasu, aliposema serikali inafikiria kuyaweka mlimani, hoja hii inalala na kuamka. Watu wapatao 50,000 hupanda Kilimanjaro kwa mwaka, na nyuma ya kila kundi wapo waongozaji, wapishi na wapagazi, hao tunaowaita wagumu. Anayepanda kwa gari la nyaya hahitaji mtu wa kumbebea hema.

Saa 4:00. Mlima uliovishwa lebo ya bei siutaki. Umechorwa mno, tena haumgusi mtu yeyote. Kibonzo kinachouma lazima kionyeshe ni nani anayelipia faida ya mwenzake. Nimechora gari likipita juu, abiria wakipiga picha dirishani, na kila nguzo ya waya imesimikwa ndani ya buti tupu la mgumu. Mabuti yanapanda hivyo, moja baada ya jingine, kutoka lango la Machame mpaka yanapotelea kwenye ukungu.

Saa 6:00. Nimempelekea mchoro jirani yangu aliyebeba mizigo mlimani miaka mingi. Baada ya shikamoo nikamwuliza buti huanza kupasuka wapi. "Mbele hapa, mwanangu. Ukishuka, vidole ndivyo vinavyosukuma." Akanyamaza, akahesabu nguzo zangu kwa kidole. "Hili ni buti la fulani," akasema kwenye nguzo ya tatu. Sikuwa nimemfikiria mtu maalumu. Sasa buti hilo lina kamba ya katani, kama alivyonielekeza.

Saa 8:00, wino.

Saa 10:00. Mhariri kapiga simu, anataka maneno "Mlima umeuzwa!" Nimekataa. Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa, na tangu 1987 ni Urithi wa Dunia, hakuna aliyeuziwa. Katuni ina ruhusa ya kukuza pua ya mtu, haina ruhusa ya kudanganya. Tumekubaliana kibaki kibao kimoja tu: Machame.

Saa 2:00 usiku. Kibonzo kimeshatoka mtandaoni. Msomaji mmoja ananiuliza: mama yake mwenye magoti mabovu asiuone mlima kwa karibu? Mbona Cape Town wana magari hayo Table Mountain tangu 1929? Swali lake ni la haki, nami nimemjibu kwa kirefu. Table Mountain haifiki hata mita 1,100. Kilimanjaro ni mita 5,895, na mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea hewa nyepesi ya huko juu. Kumpandisha mtu haraka mpaka kileleni ni kumhatarisha. Lakini mama anaweza kupelekwa kwa gari kutokea lango la Londorossi hadi uwanda wa Shira, chini ya kilele, barabara ipo. Akinitajia tarehe, nitamwunganisha na mwongozaji.