Siku Moja Maishani Mwangu: Kuutafutia Mkonga Rejeta

Saa 12:40 asubuhi

Unga Limited huamka mapema kuliko Arusha mjini. Nikifika, mama chapati ameshawasha jiko na vijana wa mageti wanagombania soketi ya umeme. Gereji yetu ni kiwanja chenye mabati upande mmoja, shimo la kukagulia magari na kontena la kufungia vifaa. Leo kuna mteja kanitangulia, mzee wa Karatu, amelala ndani ya pikapu yake huku koti limemfunika uso. Ni Land Cruiser mkonga, HZJ75 ya mwaka 1994. Rangi yake ya kwanza siwezi kuitaja kwa uhakika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Juzi imenichemshia pale mlima wa Mto wa Mbu, narudi nyumbani na saruji. Jana usiku nimeishusha pole pole mpaka hapa. Nataka rejeta mpya, leo leo. Kesho nina vitunguu Mang'ola."

Wateja wengi huja wameshajiandikia dawa. Simbishii. Namwambia anywe chai kwanza, injini bado ya baridi na mimi naitaka hivyo hivyo.

Saa 1:15 asubuhi

Mfuniko wa rejeta, yaani kipoza maji ya injini, hufunguliwa injini ikiwa baridi tu. Kijana wangu, chalii wa Sakina mwenye mikono mepesi, anaufungua, mimi namulika tochi ndani. Maji yana rangi ya kutu, na mdomoni pamegandamana uji mweusi. Namuuliza mzee kama kuna kitu alitia. Anacheka kidogo: mayai mawili na pilipili manga, dereva mwenzake alimfundisha njiani. Ni kweli huziba tundu dogo kwa muda, lakini vinaziba na mirija yenyewe.

Kabla ya kuihukumu rejeta nahakikisha si gasketi ya hedi. Tunawasha gari mfuniko ukiwa wazi na kutazama mdomoni. Gesi ya silinda ikiwa inavuja kuingia kwenye maji, utaona mapovu yanapanda mfululizo hata ukikanyaga mafuta kidogo. Hapa hayapo. Oili kwenye kijiti haijawa nyeupe. Wota pampu haivuji wala haina mchezo. Feni nikiizungusha kwa mkono injini imezimwa inanipa ukinzani, haizunguki ovyo.

Themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipo. Fundi mmoja huko nyuma aliitoa akaitupa. Kuna imani sugu kwamba themostati ni ya nchi za baridi na kwetu haina kazi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuibakiza hapo. Ukiitoa, dizeli inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta na kuchakaa. Kwenye baadhi ya injini ukiitoa ndiyo unazidisha kuchemsha, kwa sababu njia ya pembeni inabaki wazi na maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Naiandika kwenye orodha ya vitu vya kununua. Mzee anaitazama orodha kwa jicho la kodi.

Gari ikishapata moto tunaizima. Napitisha kiganja mbele ya rejeta, karibu bila kugusa. Juu kunawaka, katikati vuguvugu, pembe ya chini kushoto baridi kabisa. Maji hayapiti huko. Nagusa vibati vya pembe hiyo, vile vyembamba vya kupozea mirija, na ukucha, vinapukutika kama majani makavu. Katikati pamejaa mbegu za nyasi na vumbi, na kuna mirija iliyozibwa kwa lehemu na mafundi wa miaka mbalimbali. Basi mzee alikuwa sahihi. Rejeta imekwisha.

Saa 2:30 asubuhi

Tunaifungua. Mipira ya juu na ya chini imevimba kwenye klipu, nayo inaingia kwenye orodha. Mzee anauliza kwa nini nisiende dukani nikaseme tu "rejeta ya mkonga".

Kwa sababu watakupa rejeta ya mkonga, lakini si ya mkonga huu. Naenda kwenye kibati cha chesisi ndani ya boneti, namwonyesha herufi. HZ ni injini, 1HZ, dizeli ya silinda sita, cc 4,164. Bodi hii hii ya 75 ilitoka pia na injini nyingine: PZJ75 ya silinda tano, FZJ75 ya petroli, BJ75 ya silinda nne. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja, ila rejeta zao zinaweza kutofautiana kimo, unene, hata mahali bomba linapotokea.

Kisha napima. Nalaza rejeta kwenye turubai na kuchukua urefu, upana na unene wa sehemu ya mirija peke yake, bila matenki. Naandika kipenyo cha mabomba mawili kwa kalipa, mdomo wa mfuniko uko upande gani, matundu ya kushikilia kava la feni yako wapi, na kama kuna bomba za oili kwenye tenki la chini. Hii ni gia ya mkono, hazipo. Unene unasoma karibu milimita 50. Rejeta za magari madogo ya siku hizi nyingi ni milimita 16. Napiga na picha, kwa sababu muuza duka huamini picha kuliko maneno.

Saa 3:30 asubuhi

Mzee keshapiga chapati mbili, sasa tunaongea pesa. Namwekea mambo mezani, ingawa meza yenyewe ni tairi.

Kuna rejeta mpya za aluminiamu zenye matenki ya plastiki. Ndizo za bei ndogo, nyepesi, na zinapoza vizuri tu. Watu hudharau aluminiamu kwa kuwa shaba husafirisha joto zaidi, na hilo ni kweli, lakini rejeta ya shaba imeunganishwa kwa lehemu na lehemu hupunguza faida hiyo, wakati mirija ya aluminiamu hutengenezwa mipana na kushikana vizuri na vibati. Kwa gari ya mjini ningekuambia chukua hiyo, usihangaike.

Lakini pikapu hii haiishi mjini. Inapanda na kushuka Mang'ola na kuingia Mbulu, barabara zenye mawimbi ya changarawe yanayotikisa mpaka meno. Plastiki huzeeka kwa joto, inakuwa kavu, halafu mtikisiko mmoja unaipasua kwenye mshono. Ikipasuka Mang'ola hakuna wa kuichomelea. Ya shaba ikitoboka, Karatu atapatikana mtu mwenye lehemu na jiko.

Njia nyingine ni mtumba, au kumpa fundi rejeta abakize matenki haya ya zamani na kuweka mirija mipya.

"Wewe ungekuwa mimi?" anauliza.

"Shaba mpya, mzee. Ikikosekana, mirija mipya kwenye matenki yako. Mtumba mwisho kabisa."

Ananitazama, anahesabu noti, anaongeza nyingine kutoka kwenye soksi.

Saa 4:20 asubuhi

Bodaboda hadi barabara ya Sokoine, rejeta ya zamani mapajani, maji ya kutu yananichuruzikia suruali. Naibeba makusudi. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kuweka kitu juu ya kitu.

Duka la kwanza, kijana ananiletea boksi safi, anaapa ni yenyewe. Naifungua, ni nene kuliko yetu. "Bonge la rejeta, fundi, hii hata jangwani haichemshi." Sitaki. Unene ukizidi, upepo unapita kwa shida na mirija ya nyuma inapewa hewa iliyokwisha kupata moto mbele. Tena kwenye mkonga feni inakaa kwenye injini. Rejeta ikisogea nyuma, siku maunti, mipira inayoshikilia injini, zikichoka, feni inaila. Napenda nafasi ya vidole viwili, ikipungua hapo sina usingizi.

Duka linalofuata wana mtumba. Namulika tochi mdomoni, naona magamba meupe kwenye mirija. Nainyanyua, nzito isivyo kawaida, maana yake mzigo uko ndani. Narudisha na kushukuru.

Dada wa duka la mwishoni namfahamu, hana maneno mengi. Anaitazama picha, anatazama rejeta yangu, anapanda ngazi. Anashuka na ya shaba, matenki ya chuma. Tunalaza moja juu ya nyingine: mabomba yanakaa, kimo sawa, mdomo upande ule ule. Vibati havijabanana sana, na kwa gari ya porini hilo nalipenda, maana vikibanana mno mbegu za nyasi hukwama zisitoke. Tundu moja la kava la feni limepishana kwa sentimita moja hivi. Hilo linarekebishika kwa kibati.

"Dada, punguza."

"Fundi, wewe kila siku punguza. Toa elfu thelathini hapo, basi."

Nachukua na themostati, mipira, klipu na mfuniko mpya ulioandikwa 0.9, yaani presha unayoizuia. Anataka kunipa wa 1.1, eti una nguvu zaidi. Nguvu ya nini? Mfuniko unatakiwa ufuate gari. Ukizidisha presha, utajua mpira upi ulikuwa dhaifu.

Saa 6:00 mchana

Sifungi rejeta mpya kabla haijapimwa. Napita kwa fundi rejeta jirani yetu, mzee mwenye pipa la maji, jiko la mkaa na chupa ya tindikali aliyoitilia vipande vya zinki. Anaziba midomo, anaingiza upepo kidogo, anaizamisha. Tunatazama kimya. Hakuna povu. Anaipangusa na kusema, "Hii itatuzika." Nampa hela ya soda.

Saa 7:10 mchana

Wali maharage, mboga za majani. Kabla sijamaliza inaingia Noah ya abiria, old model, SR40, tenki la juu limepasuka na dereva ana haraka. Ameshapata rejeta ya bei poa kwa rafiki yake. Naiangalia: ni ya gia za mkono.

"Kaka, gari yako ni oto. Oili ya gia yako inapozwa ndani ya tenki la rejeta. Hii haina pa kuingizia."

"Si tuunganishe zile bomba mbili zenyewe kwa zenyewe?"

Tukifanya hivyo gari itatoka hapa vizuri, ikienda Namanga na abiria kwenye jua la mchana oili itaungua na gia zitaanza kuteleza. Bei ya gia boksi anaijua kuliko mimi. Kinyume chake inawezekana: rejeta ya oto kwenye gari ya gia za mkono, unaziba tu bomba. Namtuma kwa yule yule dada, achukue ya aluminiamu na plastiki yenye bomba za oili. Noah ya lami haihitaji shaba.

Saa 8:30 mchana

Kufunga. Kwanza tunasukuma maji safi ndani ya injini mpaka yatoke meupe, la sivyo uji wa mayai unahamia kwenye rejeta mpya siku ya kwanza. Themostati inarudi mahali pake. Chalii anakata kibati cha kava la feni na kukitoboa. Kuna mafundi hulitupa lile kava wakiona halikai. Bila kava feni inazungusha hewa ile ile ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta, na gari inachemsha ikiwa na mzigo na mwendo mdogo, yaani mlimani hasa.

Mzee analeta dumu la maji ya kisima. Nalikataa kwa adabu. Tunajaza kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, na kopo nimelisoma: limeandikwa linafaa kwa shaba na lehemu. Rangi si kigezo, kijani cha kampuni hii si kijani cha kampuni ile.

"Kulanti ni ya Wazungu kwenye barafu," mzee anasema.

"Ni ya kutu pia, mzee. Na mfuniko nao una kazi." Namweleza kwamba hapa Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, maji hayasubiri nyuzi 100, yanachemka karibu 95. Ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, yanachemka kwenye 92. Mfuniko mzima wa 0.9 huongeza kama nyuzi 20 juu ya hapo. Mfuniko wake wa zamani ulikuwa na mpira uliokatika, kwa hiyo alikuwa anapanda mlima na sufuria wazi.

Saa 10:20 jioni

Tunatoa hewa, hita imefunguliwa, mpaka mpira wa chini upate moto. Halafu majaribio: mifuko ya saruji ya jirani nyuma kama mzigo, tunapanda barabara ya Ngaramtoni kwa gia ya tatu. Geji inapanda mpaka chini kidogo ya katikati na kukaa. Mzee ameikodolea macho njia nzima, barabara namtazamia mimi. Tukirudi nakaza klipu zote upya zikiwa moto, nakagua nafasi ya feni. Vidole viwili, vinapita.

Namwachia kazi mbili. Kesho asubuhi ikiwa baridi afungue mfuniko aone kama imeshuka. Na kila akitoka Mang'ola apige upepo rejeta kutoka upande wa injini kwenda mbele, mbegu zitoke zilikoingilia.

Saa 12:05 jioni

Wakati wa kulipa chalii ananikonyeza kuhusu rejeta ya zamani. Shaba inapimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kwa desturi ya gereji nyingi mabaki ni ya vijana. Mzee kaona.

"Hiyo weka nyuma, kijana. Nimeijua bei ya shaba tangu hujazaliwa."

Tunaiweka nyuma. Anampa chalii elfu tano, anawasha, anakata kona kuelekea barabara ya Dodoma. Noah bado iko kwenye mawe, dereva amerudi na rejeta yenye bomba za oili, na taa ya kontena tunaiwasha tena.