Siku yangu moja: Dubai hadi Tokyo, na saa tano zilizopotea njiani

Saa 4:00 usiku. Wenzangu wanatandika kulala, mimi ndiyo naamka. Kwetu Mombasa, makazi Dubai, kazi uhudumu wa ndege. Leo zamu ya Tokyo, uwanja wa Narita. Napiga pasi sare huku nikila viazi vya jana.

Saa 6:30 usiku. Kikao cha wahudumu. Karibu kilomita 8,000, hewani saa 9 na ushei. Kurudi huwa zaidi ya saa 10, na njia ni ile ile! Kule juu, kimo cha kilomita 10 hivi, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi. Ukienda Japani unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni, na majira ya baridi ndiyo hukazana.

Saa 8:40 usiku. Tunaondoka. Maji, chakula, chai, sahani, chai tena. Sitawachosha.

Saa 10:30 alfajiri, kwa saa ya Dubai. Taa zimezimwa. Mzee mmoja wa Muscat, aliyenisikia nikimwambia mtoto "pole", ananiita kwa Kiswahili cha Unguja: "Mwanangu, alfajiri ishaingia?" Shikamoo inanitoka kabla sijafikiri. "Marahaba." Saa yake ya mkononi inasema bado, lakini kwenye dirisha pana uzi mweupe tayari. Tunalikimbilia jua nalo linatujia, kwa hiyo alfajiri ya humu inaitangulia ya Dubai kwa karibu saa nzima. Akasali pale pale kitini.

Baadaye akaniambia anafuata magari ya mtumba mnadani, kisha akanyooshea kidole ramani ya kwenye skrini: "Mbona rubani anapinda kaskazini? Anapoteza mafuta." Nikaomba chungwa la kwenye trei yake na tasbihi yake. Tukaikaza tasbihi juu ya chungwa, toka Dubai hadi Tokyo, ikapanda kaskazini yenyewe. Kwenye karatasi ni kona, kwenye chungwa ni njia ya mkato. Akacheka, akalimenya chungwa, akanipa nusu.

Saa 1:00 asubuhi. Zamu yangu ya kulala. Vitanda vyetu viko juu ya dari ya abiria, vyembamba kama rafu ya duka. Naamka, bado China.

Saa 11:35 jioni. Narita. Mkononi mwangu ni 6:35 mchana.

Saa 1:30 usiku. Hotelini, nampigia mama. Kwao saa 7:30 mchana, nasikia sufuria.

"Chakula cha mchana umekula?"

"Mama, huku usiku."

"Nimekuuliza cha mchana."

Sikukila. Nadhani kilipita nikiwa nimelala juu ya China. Kesho saa 4:30 usiku tunageuza, na hiyo itakuwa giza tupu: tunaondoka usiku, tunakwenda na usiku, tunatua Dubai kabla jua halijatoka.