Mgeni asije na hotuba: ninavyofundisha ujasiriamali hapa Moshi

Mgeni akialikwa chuoni huja na hotuba, na unaijua kabla hajafungua mdomo. Alizaliwa kwenye familia ya kawaida, akaanza na mtaji wa elfu hamsini, akapambana, Mungu si Athumani, leo ana magari matatu. Wanafunzi wanapiga makofi, wanapiga naye picha, wanatawanyika. Wiki inayofuata ukiwauliza walijifunza nini, wanakujibu, "Tusikate tamaa." Kwa hilo hawakuhitaji kulipa ada, kila Jumapili wanahubiriwa bure.

Nafundisha ujasiriamali mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Moshi. Darasa ni kubwa, kuna wanaokaa kwenye ngazi za ukumbi. Muhtasari wa somo unataka tualike watu walioko kwenye biashara, na mimi nakubaliana nao kabisa. Nilichokuwa natafuta ni namna ya kumpata mtu bila hotuba yake.

Njia niliipata kwa Saras Sarasvathy, mtafiti aliyechapisha makala yake maarufu mwaka 2001. Alipotaka kujua wafanyabiashara waliobobea wanafikirije, hakuwaomba wasimulie walikotoka. Aliwachukua waanzilishi 27 wa kampuni, akawapa wote tatizo lilelile la biashara ya kubuni, akawaomba wafikiri kwa sauti huku wakirekodiwa. Akaona kwamba wengi hawaanzi na lengo kubwa kisha wakahangaika kulitafutia fedha. Wanaanza na walichonacho, wanachokijua na watu wanaowajua, halafu wanajiuliza: nikipoteza hapa, naweza kupoteza kiasi gani na bado nikasimama?

Basi nami nikaiga. Mgeni wangu hasimulii maisha. Anakabidhiwa mpango wa biashara wa kundi moja la wanafunzi, karatasi moja tu, kwa Kiswahili, hajawahi kuuona. Anausoma mbele ya darasa na kila anapofika anasema kinachomjia kichwani. Kundi lenyewe limekaa mstari wa mbele na haliruhusiwi kujitetea mpaka amalize. Masomo mengine yote ni Kiingereza, lakini saa hizo mbili Kiingereza kinapumzika.

Kumshawishi mgeni ndiyo kazi yenyewe. Namfuata kwake, kwenye fremu au kwenye meza yake, mapema kabla ya siku ya kipindi, na sikubali slaidi. Mfanyabiashara mmoja mkubwa alinijibu kwamba hawezi kukalishwa mbele ya watoto na kupewa mtihani. Sikumbembeleza. Wakubwa nimegundua siwahitaji sana, kwa sababu biashara ikishafika alipo yeye, maamuzi ya laki mbili laki tatu alishayasahau, na hayo ndiyo wanafunzi wangu watakutana nayo.

Aliyefungua njia alikuwa dada anayeuza mitumba soko la Memorial. Nilipomweleza alicheka. "Mwalimu, mimi niliishia la saba. Nitawaambia nini wasomi?"

"Hutawaambia kitu, dada. Utawakagua."

Neno kukagua alilipenda. Akaja saa tisa alasiri, maana asubuhi huwezi kumtoa mezani, akapewa mpango wa vijana waliotaka kutengeneza krispi za ndizi kwa mtaji wa shilingi 500,000. Akasoma kimya kidogo, nikamkumbusha asome kwa sauti.

"Tisheti kumi, laki na ishirini. Hizi tisheti nani kaagiza?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Akaendelea kama hakusikia. "Lebo elfu moja, laki moja. Mashine ya kufungia mifuko, laki moja. Kwa hiyo kwenye laki tano, laki tatu na ishirini zimeshakufa na hamjauza pakiti hata moja. Mafuta ya kukaangia mmeyaandika wapi?"

Hayakuandikwa. Akauliza wataziuzaje. Kundi likajibu, kwa ruhusa yangu, kwamba krispi watazipeleka madukani kwa mali kauli, yaani mwenye duka alipe akishauza. "Na Mangi mwenye duka akikaa nazo mwezi? Mtakaangia nini?" Hapo walianza kuandika.

Kisha bila kuulizwa akaeleza belo, yaani furushi kubwa la mitumba. Belo unalinunua limefungwa, hujui ndani kuna nini, na ukishalifungua ni lako. Kwa hiyo yeye hanunui belo kwa hela ya ada wala ya kodi ya nyumba. Ananunua kwa hela ambayo hata akikuta ndani matambara matupu, watoto watakula. Akifungua, nguo za daraja la kwanza hazifiki mezani. Anawapigia simu wateja wake, walimu na manesi, wanapitia jioni. Hao ndio wanaorudisha hela ya belo, siku mbili tatu za mwanzo. Zinazobaki hata akizimwaga chini na kuuza mia tano mia tano, ni faida. Sijawahi kuona maelezo mazuri zaidi ya ile hoja ya Sarasvathy. Nilichofanya ni kusimama na kuandika ubaoni jina lake la kitaalamu, hasara unayoimudu, nikakaa.

Wa pili nilimchagua makusudi kwa sababu biashara yake ilifungwa. Alikuwa na kampuni ndogo ya utalii Arusha. Wageni wa sekta hiyo ninawaita Aprili na Mei, mvua za masika zikishachukua njia za mlimani na wapandaji wamepungua, maana ukimwita Julai atakutumia salamu tu. Yeye alipewa mpango wa kundi lililotaka kupeleka watalii kwenye maporomoko ya Materuni, na baadaye kuwaonjesha kahawa kwa wakulima wa huko Uru. Mpango ulikuwa mzuri, tena mmoja wa kundi kwao ni huko huko. Akausifu. Halafu akaishika sentensi moja: mteja atalipa nusu wakati wa kuweka nafasi.

"Amelipa Februari, anakuja Julai. Hiyo hela iko wapi Machi?"

"Kwenye akaunti ya kampuni."

"Sawa. Ni ya nani?"

Akawaeleza 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka uliofuata wakashuka mpaka kama 620,000. Wateja wake waliahirisha, wengine wakataka warudishiwe, na malipo yao ya awali yalikuwa yameshakuwa springi za gari na kodi ya ofisi. Corona ilimkuta, alisema, lakini kilichomfunga ni kutumia hela ya safari ambayo haijafanyika. Maswali siku hiyo yalipita muda wa kipindi, mpaka wenzetu wa somo linalofuata wakaja kutudai ukumbi.

Sitaki mtu afikiri mgeni ni msahafu. Mmoja, msindikaji wa vyakula mzoefu kweli, aliwatuma wanafunzi wakasajili bidhaa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilhali tangu 2019 usalama wa chakula ulihamishiwa TBS, shirika la viwango, na TFDA yenyewe ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Aliyasema ya enzi aliposajili yeye. Ndiyo maana baada ya kila mgeni kundi lina wiki moja ya kuhakiki: wanaingia ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanauliza TRA mambo ya kodi, wanasoma masharti ya BRELA, wasajili wa kampuni na majina ya biashara, wanarudi na kusema mgeni alipatia wapi na wapi pamepitwa na wakati. Kundi la krispi lilirudi limefuta tisheti, na lebo wamezisogeza mpaka wajue TBS inataka nini kiandikwe.

Alama nazitoa kwa kitu kimoja: badilisha uamuzi mmoja katika mpango wako kwa sababu ya ulichosikia, uweke na tarakimu. Anayeandika kwamba amehamasika anapata sifuri. Walilalamika hadi kwa mkuu wa idara, sasa wamezoea.

Posho ya mgeni ni suala la barua na saini, linachosha na halina la kusimulia, ila nauli nampa mkononi siku hiyo hiyo. Mtu kafunga meza yake alasiri nzima, hawezi kusubiri hundi.

Muhula ujao nataka afisa mikopo. Vijana hawa wakimaliza tu watapigiwa simu na watu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, na napenda kwanza wamwone mtu akisoma fomu ya mkopo kwa sauti, mstari kwa mstari, riba, adhabu ya kuchelewesha rejesho, dhamana. Nimeshawaendea kadhaa. Wote wako tayari kuja kutoa hotuba.