Mgonjwa Wangu wa Bombo

Mtu mzima wa Tanga hakimbii. Anaendesha baiskeli, anatembea, na akichelewa kweli anakaza mwendo huku ameshikilia kanga. Ukimwona mwanamke wa miaka 33 anatimua mbio saa 11:30 alfajiri kwenye barabara ya kwenda Hospitali ya Bombo, huna haja ya kuuliza. Kazidiwa mgonjwa wake, masikini. Mwaka 2017 nilipewa pole nyingi kuliko watu waliofiwa.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani Ngamiani. Kila Desemba nashona sare za watoto waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Mwenyewe nilikomea darasa la saba, mwaka 1998, na kwa nini nilikomea hapo ni habari ya nyumbani kwetu, haina jipya. Mwaka 2015 nilifanya ule mtihani wa maarifa, QT, wa kuwafungulia njia ya kidato cha nne sisi tusiopita sekondari, nikapenya. Ndipo 2017 nikajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yangu ikianza na herufi P. Kiswahili, Uraia na Historia nilizimudu. Hisabati sasa! Jaribio la Agosti pale kwenye kituo changu cha masomo nilipata 11, na D inaanzia 30.

Wala si kwamba sijui hesabu. Sketi ya mduara naikata bila kalamu: kiuno cha inchi 28 nagawa kwa sita na ushee, napata inchi nne na nusu, nakunja kitambaa mara nne, napima kutoka kwenye kona, nakata. Siku mwalimu alipochora duara ubaoni akaeleza namna ya kupata nusu kipenyo ukiwa na mzingo, nilikaa kimya kama bubu, kwa sababu aliyasema yote kwa Kiingereza na mimi vipeuo na sehemu zangu nilifundishwa kwa Kiswahili. Nilifika nyumbani, nikashika mkasi, ndipo nikagundua kwamba kumbe alikuwa anafundisha sketi.

Mbio zilianza kwa ajili ya miguu. Mchana kutwa niko kwenye cherehani, jioni kwenye dawati la kituo, usiku mezani na daftari, vifundo vikavimba hadi viatu vikanikataa. Muuguzi mmoja akaniambia nitembee asubuhi. Nikatembea hadi Raskazone na kurudi, nikachelewa kufungua kazi, wateja wakanuna. Nikaona afadhali nikimbie, niwahi kurudi. Ndiyo sababu pekee, sikuwa na nyingine. Nilinunua raba za mtumba, nikavaa suruali ya michezo ndani ya dira, ushungi nikaufunga kwa pini mbili. Mwezi huohuo wa Agosti Alphonce Simbu alikuwa ameleta shaba ya marathoni ya dunia kutoka London, basi watoto wa mtaani wakanibandika jina: Mama Simbu.

Nilichokiona barabarani ni kwamba dakika kumi za mwanzo ni mbaya kila siku, hata uwe umelala vipi. Nikivuka reli kuingia mjini kifua kinawaka, ubavu unachoma, najiambia leo narudi. Nikipita Bustani ya Jamhuri, bahari imeanza kuonekana, pumzi inakaa mahali pake yenyewe. Daftari la hisabati nilikuwa nalifunga palepale penye kuwaka. Kila usiku, palepale.

Basi, Jumanne moja ya Oktoba, nimeshavuka mji, mkononi nina karatasi ya kanuni niliyoikunja ndogo, nasikia kengele ya baiskeli nyuma. Mzee wa kanzu na kofia, baiskeli Phoenix, kikapu kinaning'inia kwenye usukani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Wenda Bombo?"

Ningesema nini? Njia ni hiyohiyo. "Naelekea huko, babu."

"Mbona mbio? Kuna nini?"

Nilikuwa natweta, na jibu lililokuwa karibu na mdomo ndilo lililotoka. "Nina mtihani, babu."

Akafunga breki. Mtu wa pwani ukimwambia hivyo alfajiri hafikirii karatasi na kalamu. "Pole sana. Mitihani haituishi waja. Na mimi wangu huu wiki ya pili. Panda."

Nikasema nitafika tu. Akasema panda, mtoto wa watu, usiniangukie njiani. Akanipa kikapu nikipakate: chupa ya uji, bakuli, mkate umefungwa kwenye kitambaa. Nikakaa upande kwenye keria, na baada ya hapo sikuwa na ujanja, maana uji wa mgonjwa ulikuwa mapajani mwangu. Yeye alikuwa ananyonga taratibu sana. Mbio zangu zilikuwa za kasi zaidi.

"Mgonjwa nani wako?" akauliza bila kugeuka.

"Si mgonjwa, babu, ni Hisabati."

"Bi Sabati?" Upepo wa bahari ulikuwa unatupiga usoni. "Bi Sabati wa wapi? Wa Pangani?"

Hapo nilipaswa kusahihisha, lakini kicheko kilinibana, nikaogopa kumwaga uji.

"Kalazwa lini?"

"Siku nyingi, babu. Tangu 1998."

Nadhani hilo hakulisikia, maana alisema "Mungu mkubwa" tu akaendelea kunyonga.

Getini mlinzi alikuwa anazuia watu, muda wa kupeleka chai haujafika vizuri. Babu akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huyu binti mwache apite, ana mgonjwa wake hali mbaya, Bi Sabati." Mlinzi akaniangalia usoni, akashuka hadi kwenye raba, akapanda tena usoni. Akatupisha. Babu akafunga baiskeli yake mnyororo, akatangulia, nami nyuma na kikapu, dira limeloa jasho mgongoni.

Bibi alikuwa ameegemea mito miwili, mguu mmoja umefungwa. Mwembamba, macho makali. "Huyu nani tena?" Babu akamweleza: nimemwokota njiani, ana mtihani mzito, mgonjwa wake Bi Sabati. Bibi hakumjibu. Akanyoosha mkono akachukua ile karatasi yangu, akaikunjua kwenye shuka. Wino ulikuwa umechujuka kwa jasho, lakini namba zilisomeka.

"Mzee," akasema, "hizi ni hesabu."

Akaanza kucheka, akashika ubavu, akasema uwii mguu wangu, akacheka tena. Wa kitanda cha jirani akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akamweleza wa pili. Wodi nzima! Mimi nimesimama na chupa ya uji kama mwali aliyepotea harusi. Babu peke yake hakucheka wala hakuona haya.

"Sasa si ndiyo mtihani?" akasema.

Bibi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Na kama ni hesabu, mwanangu, mbona wazikimbia?"

Sikuwa na jibu. Nikammiminia uji, nikashika bakuli hadi alipomaliza, nikaaga. Nilirudi Ngamiani nimechelewa saa nzima, mteja amekaa barazani na kitambaa chake amevimba uso, na mimi kila nikikanyaga cherehani nacheka peke yangu.

Usiku ule sikulifunga daftari. Kuwaka kulipoanza nilisema, haya, tumefika relini, na nikaendelea. Sikupata majibu yote. Kuna swali moja la milinganyo nililizunguka hadi adhana ya alfajiri, nikavaa raba nikatoka nalo.

Juma lililofuata nilipita wodini na ndimu tano, nikakuta kitanda kina mtu mwingine. Ameruhusiwa jana, wakaniambia. Jina lake sikuwahi kuuliza, la babu pia. Ndimu nilimpa yule wa kitanda cha jirani.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa muda wa saa tatu: maswali 10 ya sehemu A, kisha 4 ya kuchagua. Swali la kwanza lilinikaba, la pili likanikaba, kifua kikawaka vilevile. Nikaweka kalamu chini, nikatazama dirisha mpaka pumzi ikakaa. Jirani yangu, kijana wa miaka kama 20, alifikiri nimekata tamaa, akanionea huruma kwa macho.

Matokeo yalitoka Januari 2018. Hisabati, D.

Kesho yake alfajiri nilipita getini kwa mwendo wangu wa kawaida. Mlinzi ni yuleyule, anakunywa kahawa kwenye kikombe kidogo. Akainua mkono.

"Dada! Bi Sabati vipi?"

"Karuhusiwa jana," nikamjibu bila kusimama. "Dhaifu kidogo, ila anatembea."