Sentimita 39 za Sunette Viljoen

Namba mbili hazinitoki kichwani leo: 64.53 na 64.92. Zote ni za Sunette Viljoen wa Afrika Kusini, na zote ni mita alizorusha mkuki kwenye fainali ya Olimpiki. Ya kwanza, London 2012, ilimwacha nafasi ya nne. Ya pili, Rio 2016, ilimpa medali ya fedha. Tofauti yake ni sentimita 39, haitimii hata dhiraa moja.

Kinachouma ni kwamba Juni 9, 2012, miezi miwili tu kabla ya fainali ya London, alikuwa amerusha mita 69.35 jijini New York na kuweka rekodi ya Afrika. London, fedha ilipatikana kwa 65.16. Lakini mkuki hauna akiba. Ulichorusha Juni hakikusaidii Agosti.

Mita nne na zaidi hupoteaje kwa mtu yuleyule, mkono uleule? Jibu, kwa maoni yangu, lipo kwenye hatua mbili za mwisho. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, mguu wa kulia unatua, kisha wa kushoto unafuata haraka, kisigino kwanza, goti limenyooka. Mguu huo ndio breki. Mwili wa chini unasimama ghafla na kasi ya mbio inapanda juu: nyonga inatangulia, kifua kinafuata, kisha bega, kiwiko, na mwisho kabisa kiganja. Goti la kushoto likikunjika kidogo tu, kasi yote inamezwa na paja, na mrushaji anabaki kusukuma kwa mkono peke yake. Kwa macho unaona kosa dogo. Kwenye kipimo ni mita kadhaa.

Halafu kuna mkuki wenyewe. Wa wanawake una gramu 600 na urefu wa mita 2.20 hadi 2.30. Tangu 1999 kitovu chake cha uzito kimesogezwa mbele, kwa hiyo ncha hushuka mapema. Ncha ikielekea juu kuliko njia ambayo mkono unavuta, upepo unaukamata mkuki kwa chini, unapanda vizuri machoni kisha unakata tamaa na kudondoka. Nguvu lazima ipite ndani ya mti wa mkuki, kutoka mkiani hadi nchani.

Hapo ndipo namheshimu Viljoen zaidi, maana aliichezea pia timu ya taifa ya kriketi. Mpira wa kriketi hauna ncha. Ukiutupa kwa mkono uliozunguka kando, bado utafika. Mkuki ukiurusha hivyo, kiwiko kikiwa chini ya bega, unatikisika hewani, na mishipa ya ndani ya kiwiko ndiyo inayolipa. Mkono wa kasi pekee hautoshi, ni lazima ufundishwe kuvuta kwa mstari mmoja.

Ilimchukua muda. Athens 2004 na Beijing 2008 hakuvuka mchujo, ingawa dhahabu ya Jumuiya ya Madola alishaichukua 2006, akairudia 2010. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Daegu 2011 alirusha 68.38.

Rio alikuwa na miaka 32, na ile 64.92 ilitoka kwenye jaribio la kwanza kabisa. Nadhani ndilo lililokuwa la maana zaidi maishani mwake. Sara Kolak wa Croatia alimpita kwa 66.18, lakini Barbora Špotáková, bingwa wa London, aliishia 64.80, nyuma yake kwa sentimita 12. Siku mbili baadaye Julius Yego wa Kenya naye akapata fedha ya mkuki kwa wanaume.

Paris 2024, Mwafrika Kusini mwingine, Jo-Ane van Dyk, alichukua fedha kwa mita 63.93. Ile 64.53 ya London, iliyomrudisha Viljoen nyumbani mikono mitupu, ingetosha kabisa kuipata.