Foleni ya Januari 2019

Mwezi Januari 2019, serikali ya shirikisho ya Marekani ikiwa imefungwa kwa sababu Bunge na Rais Trump walishindwa kuafikiana kuhusu fedha za ukuta wa mpakani, nilisafiri na mama yangu kupitia uwanja mmoja mkubwa wa ndege nchini humo. Wakaguzi wa usalama walikuwa wakifanya kazi bila mshahara, baadhi yao walikuwa wameacha kufika kazini, na foleni ilikuwa ndefu kupita kiasi. Mama ana chuma gotini, hivyo kila anapopita kwenye mashine hulazimika kupapaswa, na kusimama muda mrefu humtesa.

Tukiwa bado mbali, mwanamume mmoja aliyevaa suti aliletwa na ofisa, akapitishwa pembeni yetu sote hadi mbele ya mashine. Nilimtambua kwa kuwa nilikuwa nimemwona kwenye televisheni akizungumzia bajeti ile ile iliyokwama.

“Huyo ni mgonjwa, mwanangu?” Mama aliuliza.

“Hapana, Mama. Ni mbunge.”

“Basi angesimama nyuma yetu sote. Si wao ndio waliofunga serikali?”

Sikuwa na jibu, na hadi leo sijaona hoja inayoshinda ile ya Mama. Wabunge waliendelea kulipwa mishahara yao wakati wote huo, ilhali mkaguzi aliyempapasa Mama, kwa upole ambao sitausahau, hakuwa akilipwa. Mbunge anayetishiwa maisha apewe ulinzi, hilo silipingi. Lakini kuirukia foleni kwa sababu ya cheo peke yake kunamnyima nafasi ya kuonja sheria anazozitunga. Mwaka 2004 Seneta Edward Kennedy alieleza mbele ya kamati ya Seneti jinsi alivyozuiwa mara kadhaa viwanjani kwa sababu ya jina lililofanana na lililokuwa kwenye orodha ya washukiwa, akahoji mwananchi wa kawaida angejinasuaje. Swali hilo lilizaliwa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, ambako seneta alizuiwa kama mtu mwingine yeyote.

Serikali ilikaa imefungwa siku 35. Asubuhi ya Januari 25, upungufu wa waongozaji ndege ulisababisha safari za kuelekea uwanja wa LaGuardia, New York, zisimamishwe kwa muda. Siku hiyo hiyo makubaliano ya kuifungua serikali yakapitishwa na kutiwa saini.