Seva ya Minecraft nyuma ya ngome: mradi ulipofikia

Lengo la mradi huu ni marafiki walio nje waweze kuingia katika seva ya Minecraft iliyo kwenye kompyuta yangu, nami niweze kucheza kwenye seva za wengine, bila ngome ya ruta, au faiawoli kama wengi tunavyoiita, yaani kinga inayochuja mawasiliano yanayoingia kutoka nje, kuzimwa hata kwa dakika moja. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuizima, au kuiweka kompyuta katika eneo la DMZ, ambako ruta huirushia kila pakiti (kipande kidogo cha data) isiyojulikana ni ya nani. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayohifadhi mafaili yangu yote, hivyo ushauri huo sikuuzingatia.

Upande wa kucheza kwenye seva za nje haukuhitaji kazi yoyote ya maana. Ngome ya ruta hutazama ni nani aliyeanzisha mazungumzo: pakiti inapotoka ndani, ruta huandika katika jedwali lake anwani na poti (namba za milango ya mawasiliano) za pande zote mbili, na jibu linaporudi hulikuta jina lake limeshaandikwa. Ugumu uko kwenye UDP, itifaki (utaratibu wa mawasiliano) inayotumiwa na gemu nyingi za kasi, kwa sababu haina hatua za kufungua na kufunga muunganisho kama ilivyo itifaki nyingine, TCP, na ruta hulazimika kukisia kwa kutazama saa. Katika Linux, inayoendesha ruta nyingi za nyumbani, mpangilio wa kawaida hufuta ingizo la UDP lisilopata jibu baada ya sekunde 30. Namba hiyo itarudi baadaye.

Kuwakaribisha wengine ndiko kulikoleta kazi. Toleo la Java la Minecraft husikiliza poti ya TCP 25565, na lile la Bedrock husikiliza UDP 19132. Niliipa kompyuta anwani isiyobadilika ndani ya mtandao wa nyumbani, nikaelekeza poti 25565 kwenye anwani hiyo, kisha nikairuhusu pia katika ngome ya kompyuta yenyewe, ambayo watu wengi huisahau. Jaribio nililifanya kwa kutumia intaneti ya simu, kwa kuwa ruta nyingine haziwezi kumrudisha ndani mtu aliye ndani anayegonga anwani ya nje, na jaribio la namna hiyo hufeli hata pale ambapo kila kitu kiko sawa.

Hakuna aliyeweza kuingia. Sababu ilionekana kwenye ukurasa wa hali ya ruta: anwani yake ya upande wa nje ilianza na 100.72, iliyomo katika fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowagawia wateja wengi anwani moja ya umma. Maana yake ni kwamba mbele ya ruta yangu kuna ruta nyingine ambayo siimiliki, na hakuna kanuni ninayoweza kuiandika nyumbani ikaifikia. Yeyote anayeanza mradi kama huu namshauri aitazame anwani hiyo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Suluhisho linalofanya kazi sasa ni seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, iliyounganishwa na kompyuta yangu kwa WireGuard, programu ya VPN inayotengeneza njia ya siri kati ya kompyuta mbili. Kwa kuwa kompyuta ya nyumbani ndiyo inayoanzisha mazungumzo, ngome zote zilizo njiani huyapitisha bila kuombwa chochote. Nami nimeiagiza itume pakiti tupu kila baada ya sekunde 25, muda ulio chini ya zile sekunde 30, ili ingizo lisifutwe wakati hakuna anayecheza. Gharama yake ni safari ndefu zaidi ya pakiti, kwa hiyo seva ya kukodi inafaa iwe karibu na wachezaji. Aidha, kwa jinsi nilivyoipanga, wachezaji wote huonekana nyumbani kana kwamba wanatoka anwani moja, na kumzuia mtu kwa anwani yake hakuwezekani. Badala yake ninatumia orodha ya walioruhusiwa, pamoja na uthibitisho wa akaunti.

Huduma ya ruta iitwayo UPnP nimeizima na itabaki hivyo. Huirahisishia gemu kazi ya kujifungulia poti, lakini kwa kawaida programu yoyote iliyo ndani, hata ile mbaya, inaweza kuomba hivyo hivyo bila nywila.

Kilichobaki ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, ambayo ingeniondolea hitaji la seva ya kukodi kwa marafiki walio nayo, maana kompyuta hupata anwani yake ya umma moja kwa moja. Ngome bado huzuia wanaogonga kutoka nje, kwa hiyo kanuni ya kuruhusu TCP 25565 itahitajika, na itabidi ilenge sehemu ya mwisho ya anwani pekee, kwa kuwa sehemu ya mwanzo mtoa huduma anaweza kuibadilisha wakati wowote.